Kuchanja Kuni kwa Mkono: Shoka, Gogo na Hesabu ya Msimu

Katika kata za juu za Wilaya ya Makete, kuanzia Kitulo hadi Bulongwa na Tandala, mwezi Juni huingia na baridi ambayo wageni huihadithia warudipo kwao. Alfajiri majani huwa meupe kwa sakitu, na moto wa jikoni huwashwa kabla mlango wa nje haujafunguliwa. Huo ndio wakati ambao kila nyumba huona thamani ya kuni kavu. Kwa bahati mbaya, ndio wakati ambao nyumba nyingi hugundua kuwa hazina kuni kavu, bali zina magogo.

Kati ya gogo na ukuni pana kazi moja, nayo ni kuchanja. Ni kazi inayodhaniwa kuwa haina la kufundishwa: mtu hupewa shoka, huonyeshwa gogo, akaachwa aendelee. Matokeo yake huonekana katika mahali pawili. La kwanza ni jikoni, ambako kuni nene na mbichi hujaza moshi chumba kizima, mama na watoto wakiwa ndani. La pili ni zahanati, ambako mara kwa mara huletwa mtu aliyefungwa kitenge mguuni, damu ikivuja. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa vizuri, kwa shoka linalofaa, na kwa wakati wake.

Kwa nini gogo lipasuliwe mapema

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mzigo wa kilo 10 za kuni mbichi, basi, una takriban lita 5 za maji ndani yake, na maji hayo hayana budi kuchemka na kutoka kama mvuke kabla mti wenyewe haujawaka sawasawa. Joto linalopotea kwa kuyachemsha tu ni takriban sehemu moja kati ya saba ya joto lote lililomo katika mzigo huo. Lakini hasara kubwa zaidi ni nyingine. Maji yanayotoka huupoza moto, na moto uliopoa hauziunguzi gesi zinazofuka kutoka katika mti. Gesi hizo, ambazo katika moto mkali zingekuwa mwali, hupanda juu zikiwa moshi, zikayaliza macho, zikalitia masizi paa. Moshi wa jikoni ni miongoni mwa visababishi vya nimonia kwa watoto walio chini ya miaka 5, na mtoto aliyebebwa mgongoni na mpishi huvuta moshi uleule anaouvuta mpishi.

Gogo zima hukauka polepole mno. Gome lake huzuia maji yasitoke ubavuni, na maji yaliyomo husafiri kwa urahisi kufuata nyuzi za mti kuelekea kwenye ncha mbili, si kukatisha nyuzi hizo. Gogo likipasuliwa, njia mpya hufunguka. Chukua gogo lenye upana wa sentimeta 20. Mzunguko wake ni kama sentimeta 63, zote zimefunikwa na gome. Likipasuliwa vipande vinne, kila kipande hupata nyuso mbili mpya za sentimeta 10, na jumla ya nyuso mpya ni sentimeta 80 zisizo na gome hata kidogo. Upepo mkavu wa kiangazi hupata pa kushika.

Ndiyo sababu hesabu ya kuni ni hesabu ya msimu. Mvua za huku huanza mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kuni zilizochanjwa Mei na Juni, zikapigwa na upepo hadi Oktoba, ndizo zitakazowaka bila kusumbua wakati wa masika. Na baridi ya Juni ijayo hutegemea kuni zilizoingizwa bandani kabla ya mvua ya kwanza. Mwenye kuchanja siku ile ile anayopika huwa amekwisha kushindwa hesabu hiyo, hata awe hodari wa shoka namna gani.

Miti haifanani

Miti inayochomwa zaidi katika vijiji vya nyanda hizi ni mikaratusi, miwati na misindano, na kila mmoja una tabia yake mbele ya shoka. Muwati ndio rafiki wa mchanja kuni. Nyuzi zake zimenyooka, hupasuka kwa pigo moja ukiwa bado mbichi, na ukikauka hutoa makaa ya moto mkali yanayodumu. Msindano nao hupasuka kwa urahisi, isipokuwa pale matawi yalipozunguka shina kama pete. Hapo mafundo hujipanga, na shoka hukwama. Utomvu wake huufanya ushike moto haraka, kwa hiyo vibanzi vyake hufaa kuwashia, ingawa masizi yake ni mengi.

Mkaratusi unahitaji kuheshimiwa. Nyuzi zake mara nyingi hujisokota na kupishana, na kadiri unavyokauka ndivyo unavyoshikana. Watu wengi hufanya kosa la kuliacha gogo la mkaratusi likae miezi sita wakidhani litakuwa laini, kisha hushangaa shoka likiruka juu yake kama limepiga jiwe. Gogo hilo lilipaswa kupasuliwa ndani ya wiki chache tangu kukatwa. Jambo la faraja ni kuwa mkaratusi ukikatwa vizuri huchipua tena kwenye kisiki. Mwenye shamba akipunguza machipukizi na kubakiza moja au mawili yaliyonyooka, baada ya miaka michache atakuwa na fito za unene wa mkono ambazo hazihitaji kuchanjwa sana. Asiyependa kutoa jasho na alime kuni nyembamba.

Shoka la kukatia si shoka la kuchanjia

Shoka la kienyeji linalotengenezwa na wahunzi wetu ni bapa la chuma lenye mkia uliochongoka, uliopenyezwa katika kichwa kinene cha mpini. Ni chombo kilichobuniwa kwa akili nyingi, kwa maana kila pigo hukaza chuma ndani ya mti badala ya kukilegeza. Kwa kuangusha mti na kukata matawi halina mfano. Lakini bapa lake ni jembamba na jepesi: likipigwa juu ya gogo huzama na kubaki humo, na mpigaji hutumia nguvu nyingi kulichomoa kuliko alizotumia kulipiga.

Shoka la kuchanjia linahitaji kuwa kama kabari yenye mpini. Makali yake ni mafupi, na mashavu yake hunenepa haraka kuelekea mgongoni, ili pindi makali yanapofungua ufa, mashavu yausukume ufa huo pande mbili. Uzito wa kichwa unaofaa watu wengi ni kati ya kilo 1.5 na kilo 2.5. Wapo wanaosifu mashoka mazito zaidi, lakini chuma kizito mno huchosha mabega kabla kazi haijafika nusu, na mtu aliyechoka ndiye anayejikata. Kasi ya pigo hufanya kazi kuliko uzito: uzito ukiongezeka maradufu nguvu ya pigo huongezeka maradufu, lakini kasi ikiongezeka maradufu nguvu hiyo huwa mara nne. Mama mwenye umbo dogo anayelizungusha vizuri shoka la kilo 1.5 atapasua magogo mengi kuliko kijana anayelivuta kwa shida shoka la kilo 3.

Mhunzi anayefahamu kazi yake anaweza kutengeneza kichwa cha namna hiyo, na wengi hutumia chuma cha springi za magari makubwa yaliyochakaa, wakiunganisha vipande ili kupata unene. Mnunuzi apite na tupa mfukoni. Akiipitisha tupa juu ya makali na ikateleza kama juu ya kioo, chuma kimekomazwa kupita kiasi na kitamegeka. Ikizama na kula chuma kama inakula risasi, makali ni laini na yatapinda kwenye fundo la kwanza. Inayong'ata kidogo, kwa ukinzani, ndiyo inayotakiwa. Kwa shoka la tundu linalouzwa dukani, aangalie pia kama tundu liko katikati, na kama mstari wa makali umelingana na mpini. Mwenye duka hatakasirika akiona mteja amelifumba jicho moja na kulitazama shoka kwa urefu wake.

Mpini uwe na urefu wa sentimeta 70 hadi 90, kulingana na kimo cha mtumiaji. Mti wa mpera hupendwa kwa sababu hauvunjiki ovyo. Ulio muhimu kuliko jina la mti ni mwelekeo wa nyuzi: ziende kutoka mwanzo hadi mwisho wa mpini bila kukatiza kwenda pembeni, kwa kuwa mpini huvunjika pale nyuzi zinapotoka nje. Usipakwe rangi. Rangi huficha ufa na huchubua viganja.

Kichwa kinacholegea ni hatari kubwa kuliko makali butu. Desturi ya kulizamisha shoka majini usiku kucha ili mti uvimbe husaidia kwa siku moja tu. Mti uliovimba hujibana ndani ya chuma, nyuzi zake zikapondeka, na ukikauka huwa mwembamba kuliko ulivyokuwa. Dawa yake ni kabari mpya katika ncha ya mpini, au mpini mpya. Mpini ukiwa umepondeka chini kidogo ya kichwa, ni dalili kuwa mtumiaji hupiga mbali mno na mti ndio unaopokea pigo badala ya chuma. Sehemu hiyo ikiviringishwa utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli itadumu zaidi, ingawa mpigaji naye hana budi kurudi nyuma kidogo.

Kuhusu kunoa, shoka la kuchanjia halihitaji kunyoa ndevu. Makali membamba sana humegeka. Tupa ipitishwe mara chache kila upande hadi makali yang'ae sawasawa, kisha kinoo kimalizie.

Mahali pa kazi na namna ya kupiga

Kazi huanza na kigogo cha chini, yaani kile ambacho juu yake hukaa kipande kinachopasuliwa. Kiwe kipana, kimekatwa sawa pande zote mbili, na kimo chake kifike chini kidogo ya goti, kama sentimeta 30 hadi 40. Kikae juu ya ardhi tupu iliyo thabiti. Kuchanja juu ya jiwe au saruji huua makali, na kuchanja chini kwenye udongo hupoteza nguvu, kwa sababu ardhi huinywa. Kigogo kina faida nyingine isiyofikiriwa: ndicho kinachosimama kati ya shoka na mguu. Ndiyo maana kipande kinachopasuliwa huwekwa upande wa mbali wa kigogo, si upande wa karibu. Pigo likipungua, chuma kitaangukia kigogo, si muundi.

Kabla ya kupiga, mchanja kuni hutazama. Juu ya uso wa kipande huonekana nyufa ndogo zinazotoka kwenye kiini kama miale, nazo ni barua iliyoandikwa na mti wenyewe kuonyesha unataka kupasukia wapi. Pigo lifuate ufa. Kama kuna fundo ubavuni, shoka lipite kando yake, au kipande kigeuzwe ili fundo liwe chini. Gogo jembamba hupasuliwa katikati. Gogo nene halipasuliwi katikati hata kidogo. Huanzwa pembeni, likibanduliwa vipande mviringo wote hadi kibaki kiini, kama mtu anavyomenya kitunguu.

Miguu hutanuliwa kwa upana wa mabega, vidole vikielekea mbele, wala mguu mmoja usitangulie. Mikono ikinyooshwa, makali yaguse mahali panapokusudiwa. Huo ndio umbali wa kusimama, na hupimwa upya kwa kila kipande. Mkono mmoja hushika mwisho wa mpini na hauondoki hapo. Mwingine hushika karibu na kichwa wakati wa kunyanyua, kisha huteleza chini kukutana na mwenzake shoka linaposhuka. Macho hubaki kwenye ufa, hayafuati shoka. Mtu hulenga kigogo cha chini, si uso wa kipande, ili pigo lisife njiani.

Kisha jambo linalosahauliwa na wengi: shoka linaposhuka, magoti hupinda. Mtu aliyesimama wima na kuzungusha mikono tu hulifanya shoka lichore mviringo, na mwisho wa mviringo huo ni miguu yake mwenyewe. Anayepinda magoti na kushusha kiuno hulifanya shoka lishuke karibu wima, na likikosa shabaha huishia kwenye kigogo au ardhini mbele yake. Vijana wanaofundishwa hili mwanzoni hulichukia kwa sababu linaonekana kama kuchuchumaa. Waachwe walichukie, mradi walifanye.

Tairi chakavu la gari dogo, likilazwa juu ya kigogo na vipande vikasimamishwa ndani yake, huokoa kuinama kwingi. Vipande vilivyopasuka hubaki vimesimama ndani ya tairi badala ya kuruka kila upande, na mtu huzunguka akipiga hadi vyote viwe saizi ya jiko. Kwa jiko banifu, kuni za unene wa sentimeta 3 hadi 5 zinatosha. Mlango wake mdogo haukuwekwa kwa ajili ya magogo, na anayelilazimisha kula magogo hulifanya litoe moshi kama mafiga, kisha hulilaumu jiko.

Gogo linapokataa

Shoka likikwama, lisichomolewe kwa kutikiswa kushoto na kulia, kwani hapo ndipo mpini huvunjika. Mwisho wa mpini upigwe kwa kiganja kwenda chini, kisha juu, hadi chuma kiachie. Kipande chepesi kinaweza kunyanyuliwa pamoja na shoka, kikageuzwa na kupigwa kwa mgongo wa shoka juu ya kigogo, uzito wake mwenyewe ukakipasua. Lakini hilo ni la wenye uzoefu.

Kwa gogo lenye mafundo, kabari ya chuma na nyundo kubwa ndizo zana zake. Kabari mbili ni bora kuliko moja, maana ya pili huikomboa ya kwanza. Kosa moja halina msamaha: kupiga mgongo wa shoka kwa shoka jingine au kwa nyundo. Chuma kwa chuma kilichokomazwa hurusha vipande vidogo vyenye kasi, na jicho halina gome. Kabari nayo, ikiisha kuchanua kichwani kama uyoga, ipelekwe kwa mhunzi ikatwe kingo hizo kabla hazijaruka.

Na yapo magogo ya kuachwa. Kisiki cha mkaratusi chenye nyuzi zilizosokotana kinaweza kula asubuhi nzima na kabari mbili. Kiwekwe uani kiwe kiti.

Nani anayeshika shoka

Katika nyumba nyingi za wilaya hii, watoto wanalelewa na bibi au babu, na kazi ya shoka humwangukia ama mzee mwenyewe ama mjukuu wa kiume aliyetoka shuleni na njaa. Ni hali inayofahamika katika kila kitongoji, na haiondolewi kwa kuikemea. Lakini mtoto wa shule ya msingi hapaswi kupewa shoka la kilo 2. Mikono yake haiwezi kulizuia linapopotoka, na shoka lisilozuilika huenda linakotaka. Anaweza kubeba, kupanga na kuanika kuni, na akiwa na mtu mzima kando yake akapasua vibanzi vya kuwashia kwa kishoka chepesi, kipande kikiwa kimesimamishwa chenyewe, si kikishikiliwa kwa mkono mwingine. Jirani mwenye nguvu anayetoa nusu siku mwezi Mei kumchanjia bibi kuni za kiangazi humpunguzia mzigo wa mwaka mzima.

Anayechanja avae buti za mpira au viatu vigumu. Kandambili huteleza kwa jasho na hazizuii chochote. Kanga na khanzu zifungwe zisining'inie, na watoto, mbuzi na kuku wakae hatua kadhaa kutoka alipo mpigaji, hasa upande wa mbele na wa nyuma yake, kwa sababu kichwa cha shoka kikichomoka huenda upande mojawapo kati ya hizo. Jua likizama, kazi isimame. Ajali haingojei mtu awe mzembe, humngojea achoke.

Mtu akijikata, kidonda kikandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kufunuliwafunuliwa kutazamwa, kwa muda usiopungua dakika 10, huku mguu au mkono ukiwa umenyanyuliwa juu. Kisipakwe majivu, udongo, kahawa, tumbaku wala mafuta ya taa. Vitu hivyo havizuii damu kwa maana ya kweli, na udongo hasa ndio makazi ya vimelea vya pepopunda, ugonjwa ambao ukishaanza huua hata waliofika hospitali. Damu ikiwa imekoma au haijakoma, kidonda cha shoka kifikishwe zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, kikasafishwe na kushonwa, na mhudumu aelezwe kama mgonjwa amewahi kupata chanjo ya pepopunda na lini. Aliyekuwa akichanja kuni asione ajabu akaambiwa achanjwe na yeye.

Kuzipanga na kuzilinda

Kuni zilizotupwa lundo huoza chini na kukauka juu. Zipangwe juu ya fito mbili au mawe ili zisiguse ardhi, upande wa gome ukielekea juu kwa zile za safu ya mwisho, na kuwe na nafasi ya upepo kupita kati yake. Mahali pazuri ni ukuta unaopigwa na jua la mchana. Juu zifunikwe kwa bati chakavu au nyasi, lakini ubavuni ziachwe wazi. Turubai linalofunika lundo zima hadi chini huufungia unyevu ndani, na baada ya mwezi mmoja mwenye kuni hukuta ukungu. Uchaga juu ya jiko, ambao wazee waliutumia na baadhi ya nyumba bado wanao, hufaa kwa kumalizia kuni za siku chache zijazo. Usibebeshwe akiba ya msimu, kwani kuni kavu juu ya mwali ni mwanzo wa moto wa nyumba.

Ukuni mkavu hujulikana bila kipimo. Ncha zake huwa na nyufa, gome hubanduka lenyewe, uzito hupungua mkononi, na vipande viwili vikigonganishwa hutoa sauti kali kama ya marimba. Vikitoa sauti ya kufifia kama ya magunzi mabichi, virudishwe juani.

Kuhusu mahali zinakotoka, mipaka inafahamika lakini yafaa itajwe. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo si mahali pa kuokota kuni, hata zilizoanguka. Katika misitu ya hifadhi, uvunaji wowote unahitaji kibali kwa mujibu wa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Ndani ya meta 60 kutoka chanzo cha maji au ukingo wa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kukiharibu. Mwenye shamba lake la miti anayetaka kuuza au kusafirisha kuni aanze katika ofisi ya mtendaji wa kijiji au kata, ambako ataelekezwa kwa afisa misitu kuhusu taratibu na nyaraka anazotakiwa kuwa nazo kabla ya kupakia gari, si baada ya kusimamishwa kizuizini.

Serikali, kupitia Mkakati wa Kitaifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, imelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Nyumba zinazoweza kuanza na gesi au umeme, hata kwa chai ya asubuhi na maharage pekee, zinapunguza moshi na safari za kwenda msituni. Kwa zile ambazo bado zitapika kwa kuni masika haya, wakati wa kuchanja ni sasa, kabla ya jua la Julai kupita. Mwenye gogo la mkaratusi lililokatwa mwezi huu na aanze na hilo. Muwati unaweza kungoja.